Kichupa Namba Kumi na Tisa

Siku ya kuniaga, pale ukumbini Azaiba, hapa Muscat, walisimama watu sita kunisifu, na wote sita walisema kuwa mimi ni mtu wa kweli. Mimi nikala halwa yangu. Halafu Ibtisam, anayekalia sasa meza niliyoikalia mimi miaka thelathini na ushei, akanipa zawadi iliyofungwa kwa karatasi ya dhahabu, akaniambia, "Bi Zeyana, hii utalia." Kweli nililia, ila si kwa sababu aliyoidhani yeye. Nitafika huko. Ibtisam ndiye aliyeniomba niwaandikie nyinyi mliobaki maabara, na akanisihi nieleze hasa ile orodha yetu ya virusi ilianza vipi. Basi nnaandika. Vyeo na mishahara sitovitaja, havina faida kwenu.

Siku ya kwanza nilikwenda kazini na viatu vya visigino na mkufu wa mama. Mkuu wa maabara alikuwa Mzee Nassor, mtu wa Unguja kama sisi, mwembamba, kanzu yake haina hata kunjo moja. Akaniangalia toka juu mpaka chini. "Mwanangu, umekuja kazini au umekuja harusini?" Akanipa ndoo. Miezi mitatu nikaosha vichupa, na kila kichupa nikikisuuza mara saba kwa maji ya bomba na mara tatu kwa maji yaliyochemshwa. Nikimuuliza virusi ntaviona lini ananijibu, "Sabuni iliyobaki kwenye kichupa inaua seli kuliko virusi. Osha." Leo mnatumia vya plastiki mnatupa. Hamjui mlichosalimika nacho.

Kazi yenyewe ilikuwa virusi vya sotoka ya mbuzi, maradhi yanayomaliza zizi zima. Tunakuza seli chini ya kichupa mpaka zitande kama utando wa maziwa, tunaziwekea virusi, na baada ya siku kadhaa kila penye virusi panakuwa tundu. Unahesabu matundu. Katika kuzaana kwao, mara moja moja huzaliwa kirusi chenye kasoro, kinachokula seli vizuri kwenye ubaridi lakini kwenye joto la mwili wa mbuzi hakiwezi kitu. Sisi tukiviita vigeugeu. Kigeugeu mpole ni mali, kwani huenda siku moja kikawa chanjo. Kumpata mmoja unapekua matundu mamia, jicho limebanwa kwenye kioo, shingo imekauka, na adhana ya adhuhuri inakukuta hujainuka kitini tangu asubuhi.

Mimi nilipata sitini na nne. Sijisifu, ndivyo ilivyokuwa. Miaka minne ya macho yangu. Kila kimoja nilikiandikia kadi: namba yake, kimetokana na nani, kinapenda joto gani, kinakataa lipi, na kiko wapi ndani ya kisanduku cha friza. Kisanduku kilikuwa na mistari minane, kila mstari nafasi nane. Kadi ya kumi na tisa, yule mpole kuliko wote, iliandikwa: mstari wa tatu, nafasi ya tatu. Sikuandika kutoka upande gani. Kwangu mimi kulikuwa na upande mmoja tu, wa kulia. Nimeanza kusoma chuo cha Kurani, Malindi ya Unguja, kutoka kulia kwenda kushoto, kahawa tunaizungusha kuanzia kulia, kiatu navaa cha kulia kwanza. Nani anaanza kuhesabu kushoto?

Zuwena anaanza kuhesabu kushoto.

Alikuja mwaka wangu wa tano, ametoka kusoma Ulaya miaka sita, na wazee wake walihamia huku kutoka Tabora. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kinakwenda moja kwa moja, hakina kona. Nilimcheka siku ya kwanza aliposema "shule" na mimi nikasema "skuli", na Mzee Nassor akacheka pia, nikafurahi. Wiki ya pili Mzee Nassor hakucheka nami tena. Alikuwa amekaa kitini kwa Zuwena, miwani imemshuka puani, anaangalia kompyuta kama mtu anayeangalia mtoto akianza kutembea.

Kompyuta ile ilikuwa moja kwa jengo zima, na kando yake kisanduku kidogo cha kuunganisha na simu, modemu. Zuwena akipiga namba ya nje, modemu inalia kama paka aliyebanwa na mlango, kisha barua zinapita. Si papo kwa papo kama zenu. Barua unaituma Jumamosi, inalala kwenye kompyuta ya mji huu, inalala kwenye kompyuta ya mji ule, jawabu linakuja Jumatano ikiwa bahati iko kwako. Lakini wallahi ilikuwa miujiza. Kabla yake nikiandika barua ya posta kumuuliza mtafiti wa nje jambo moja, najibiwa nimeshalisahau swali.

"Da Zeyana," akaniambia Zuwena siku moja, kasimama mbele ya meza yangu na daftari lake kifuani, "kadi zako hizi tuziingize kwenye kompyuta. Watafiti wa sotoka wako Afrika, wako Bara Hindi, kila mmoja ana vigeugeu vyake kwenye droo yake. Tukiwapelekea orodha yetu na wao watatuletea zao. Itakuwa orodha moja ya watu wote."

"Na kadi zenyewe?"

"Kadi zitabaki zako. Mimi nachapa tu."

Nilimpa. Mzee Nassor alikuwa anatusikiliza, ningefanyaje? Akachapa mwezi mzima, vidole kumi vyote, mimi naangalia miaka yangu minne ikiingia kwenye kioo kile cha kijani. Akanitolea nakala kwenye karatasi ile ya zamani yenye matundu pembeni, inayokunjika kama feni. "Pitia, Da Zeyana, kabla sijaituma, nisije nikawa nimekosea." Nikamwambia iweke hapo. Sikuipitia. Niliigeuza uso chini nikaifanya kitandikio cha vichupa vilivyotoka kuoshwa, ikakaa wiki tatu inanyonya maji. Siku aliyoniuliza nikamjibu, "Iko sawa." Sikuwa nimesoma hata mstari wa juu.

Barua zikaanza kuja. Zinakuja kwa Zuwena, kwani sanduku lile la barua lilikuwa na jina moja tu, lake. Mtu wa Bara Hindi anamshukuru Zuwena. Mama mmoja wa Ulaya anamwita Zuwena mwenzangu. Na kulikuwa na Daktari Mushi, mtafiti wa Tanzania bara, huyo akiandika kwa Kiswahili kabisa: "Dada Zuwena, habari za huko Maskati? Orodha yako imetuokoa." Zuwena akazisoma kwa sauti, chumba kizima kinasikia, na Mzee Nassor siku ya mkutano akasema mbele ya wageni kutoka wizarani, "Hii ni orodha ya Zuwena."

Yake! Niliuma shavu kwa ndani mpaka nikaonja damu. Nilimwonea wivu, na sisemi wivu ule wa kutaniana. Nilimwonea wivu vidole vyake kumi, na barua zake, na Kiswahili chake cha bara kilichomkaa Mushi vizuri kuliko changu, na Mzee Nassor aliyeacha kuniita mwanangu akawa anamwita yeye hivyo. Nikienda nyumbani namhadithia mama, na mama ananiuliza, "Kakufanya nini huyo mtoto wa watu?" Hasidi hana sababu.

Kiangazi kile mama akavunjika nyonga, nikachukua likizo wiki sita kumuuguza. Basi nilikuwa sipo, ndipo friza ikafa. Ijumaa, joto la Muscat mnalijua, watu wote makwao. Mlinzi akampigia simu Zuwena. Zuwena akaenda soko la samaki Matrah, kando ya bandari, akanunua barafu ya wavuvi na gunia la chumvi, akarudi nayo kwenye gari la baba yake, maji yanachuruzika viti vyote. Akakizika kisanduku changu kwenye barafu na chumvi akakaa nacho mpaka fundi akaja. Vigeugeu sitini na nne vyote vikapona. Lakini utepe wa majina ulilowa ukabanduka, vichupa vikabaki bila ya namba. Akachukua kadi zangu, akaanza kuviandika upya kimoja kimoja. Mstari wa kwanza, nafasi ya kwanza. Akaanzia kushoto.

Niliporudi kila mtu alikuwa na hadithi ya barafu. Mzee Nassor akanipokea nayo mlangoni, kabla ya kuniuliza hali ya mama. "Bila ya Zuwena kazi yako yote ingekuwa supu." Nikaenda kwenye friza, nikavaa glavu, nikafungua kisanduku changu. Nikaona mara moja. Namba moja imekaa mahali pa namba nane. Kumi na tisa, yule mpole, ameandikwa ishirini na mbili. Na ishirini na mbili ameandikwa kumi na tisa. Na ishirini na mbili, enyi watoto, ndiye alikuwa ameurudia ukali wake wote. Kwenye joto la mbuzi alikuwa anakula kama hajala siku tatu.

Zuwena alikuwa nyuma yangu. "Da Zeyana, vyote viko mahala pake, sivyo?"

Jawabu lilikuwa neno moja. Nilikuwa nalo mdomoni. Ningesema, "Hukuhesabu kulia," tungecheka, tungebandika upya kwa saa moja. Nikafikiri juu ya watu na hadithi yao ya barafu, na lile neno "mwanangu" nililonyang'anywa, na "orodha ya Zuwena". Nikasema, "Naona."

Nikafunga friza.

Nilijiambia nitasema kesho. Kisha nikajiambia ngoja kwanza akosee kidogo, kitu kidogo tu mbele ya Mzee Nassor, apungue. Siku ya tatu nikataka kutumia mpole wangu kwa kazi yangu. Nikatia sahihi kwenye daftari la friza kuwa nimetoa kichupa ishirini na mbili, kama kilivyobandikwa. Kwenye daftari langu la kazi nikaandika kumi na tisa, namba yake ya kweli. Nilikuwa makini kazini, hata katika ubaya.

Mwezi uliofuata Mushi akaandika. Wanataka kujaribu chanjo, wanaomba kumi na tisa. Zuwena akakifunga kichupa kwenye pamba na barafu kavu, akakibusu kifuniko kwa furaha, akakipeleka uwanja wa ndege mwenyewe. Mimi nilikuwa napiga pasi koti langu la kazi. Nilimwangalia anatoka na kibweta kile. Nafasi ya pili ya kusema neno moja ikapita mlangoni pamoja naye.

Barua ya Mushi ilikuja wiki ya tano, Jumatano. Zuwena aliianza kwa sauti kama desturi yake, katikati akaondoka kitini. Mzee Nassor akaimalizia. Mbuzi saba wamekufa. Hawakuwa mbuzi wa maabara, walikuwa wa wanakijiji waliokubali kuwatoa kwa kuwa Mushi aliwaahidi kuwa kirusi hiki ni mpole. "Dada Zuwena, mimi sijui niende kwao na uso gani. Naomba unieleze ulinitumia nini."

Zuwena alikaa kwenye kompyuta siku ile bila ya kula. Alipeleka ujumbe kwa watafiti wote walioko kwenye orodha, mmoja mmoja: makosa ni yangu, nilibandika vibaya mstari wa tatu, vichupa vyote vya mkusanyo huu visitumike mpaka vipimwe upya. Nikadhani nitajisikia nimeshinda. Haikuwa hivyo. Nikamwambia, "Pole." Akasema, "Ahsante, Bi Zeyana." Tangu siku ile hakuniita tena Da.

Mzee Nassor alimwita ofisini, mlango ukabaki wazi. "Zuwena, hapa si mahala pa kukisia." Orodha ikahamishiwa maabara nyingine nje ya nchi, modemu ikafungiwa kabatini, na Zuwena akapelekwa kitengo cha kupima maji ya visima. Akakaa huko mpaka magoti yalipomstaafisha. Mtu mwenye vidole kumi na akili ile, miaka yote anapima chumvi ya visima. Mimi nikabaki na seli zangu. Nikapanda cheo, nikapanda tena. Tukikutana kwenye ngazi anatoa salamu kwanza, kila siku, dawamu.

Sasa zawadi. Ibtisam alikwenda kupekua kwenye mtandao, akaipata nakala ya orodha yetu ya kwanza, mtu wa nje ameihifadhi tangu siku zile. Akaichapa ukurasa wa mwanzo, akautia fremu. Nikaifungua mbele ya watu wote Azaiba. Mstari wa juu kabisa, kabla ya namba moja, umeandikwa: Vigeugeu hivi vimetafutwa na kukusanywa na Zeyana, maabara ya Muscat. Maswali ya kitaalamu aulizwe yeye. Na chini, kwa herufi ndogo: Imechapwa na Zuwena.

Jina langu lilikuwa juu, miaka yote, kwa watu wote. Lilikuwa mezani kwangu wiki tatu, limeinamishwa uso, naliwekea vichupa vya maji. Ndiyo sababu nililia, Ibtisam. Ulinikumbatia, ukaniambia, "Umestahili."

Asubuhi yake nikamwambia mwanangu wa kuzaa anipeleke Qurayyat. Zuwena anakaa kwa dada yake, nyumba ya chini yenye mitende miwili na kuku. Kanenepa, anatembea kwa mkongojo. Akaleta kahawa na tende, na dada yake akatuacha. Nikaweka fremu mezani.

"Nani kaipata hii?" akauliza.

"Zuwena, nilijua. Nilipotoka likizo nilifungua kisanduku nikajua."

Alijimiminia kahawa kidogo, akanywa, akatikisa kikombe kuonyesha kimemtosha. "Nilijua kuwa ulijua. Siku ile ile ya barua ya mbuzi, kabla sijachapa ujumbe wa makosa. Nilikwenda kuangalia daftari la friza nione nani mwengine katoa kichupa. Nikakuta sahihi yako, ishirini na mbili. Nikafungua daftari lako, tarehe hiyo hiyo, kumi na tisa."

"Ulikuwa na daftari mkononi!" Nilipiga kelele kama ni yeye aliyenikosea. "Kwa nini hukumpelekea Mzee Nassor?"

"Nilikuwa nangoja uje mwenyewe. Nilikupa wiki. Halafu nikakupa mwezi." Akacheka bila ya furaha. "Halafu nikawa kwenye maji."

"Basi nisamehe, dada yangu."

"Usinihimize." Aliugusa mkongojo wake. "Nilikuchukia muda mrefu, kisha nikachoka. Kuchoka si kusamehe, usije ukavichanganya kama mimi nilivyochanganya vichupa vyako."

Nikainama. Nilikuwa nimebakisha swali moja, na lilikuwa swali la wivu, maana hata pale sikuwa nimepona. Nilimuuliza, alipochapa ule ujumbe wa makosa, orodha ilikuwa bado mikononi mwake, na jina langu liko juu, na anajua nilichomfanyia. Kubonyeza mara moja tu lingefutika. Kwa nini hakulifuta?

Aliniangalia kama nimeuliza jua linachomoza wapi.

"Kadi zilikuwa zako," akasema.

Njiani kurudi nilimwonea wivu tena, wivu mkubwa kuliko wote. Nimepewa jina langu na mtu niliyemwibia lake. Aliponisindikiza mlangoni alinipa sharti moja tu: niyaandike haya, na niyapeleke mle mle maabara walimomtoa. Nimeyaandika. Barua kwa Daktari Mushi pia imekwenda. Anwani yake nimepewa na Zuwena, wameandikiana miaka yote hii. Hii fremu, Ibtisam, nnakurudishia. Itungike juu ya friza. Ila kabla ya kuitungika ifungue, chukua kalamu, na chini ya jina langu uandike kwa mkono wako kuwa mbuzi saba wa Mushi hawakuuliwa na Zuwena.